Gari Lililotetemeka Akiwemo Mama Mkwe

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Kwanini, tangu alipokuwa binti mdogo akafungua cherehani ya shangazi yake ili aone sindano inaupataje uzi wa chini. Shangazi alimchapa, kisha akamwachia cherehani ile ile, maana baada ya kufungwa upya ilishona vizuri kuliko mwanzo. Ukubwani akawa mshonaji wa mapazia. Aliolewa, akafiwa na mumewe, akabaki nyumba moja na mama mkwe wake, pamoja na gari la marehemu: kuukuu, la otomatiki, boneti limepauka, lakini kuwaka halisumbui.

Wanawake hao wawili waliishi kwa heshima nyingi na maneno machache. Asubuhi salamu, jioni salamu, na katikati kila mtu na majonzi yake. Mama mkwe alikuwa na miguu inayovimba, na Kwanini ndiye aliyempeleka kliniki. Katika safari mojawapo, kwenye barabara ndefu inayopanda taratibu kuelekea hospitali, gari likaanza kutetemeka. Halikuzimika wala halikutoa moshi. Lilitikisika tu kama linapita juu ya matuta madogo madogo, ilhali lami ilikuwa nyororo. Mara likaacha.

“Gari lina homa,” alisema mama mkwe kutoka kiti cha nyuma.

Siku iliyofuata Kwanini alipita barabara ile ile peke yake, akiwahi kupeleka mapazia. Gari lilipanda bila hata kukohoa. Safari nyingine ya kliniki, mtetemo ukarudi. Akaenda kwa fundi, bwana mnene mwenye kicheko cha karibu. Fundi alilichukua, akalikimbiza, akarudi nalo.

“Mama, hili gari halina neno.”

Hata hivyo alibadilisha plagi, kwa kuwa zilikuwa zimechakaa. Wapi! Alipopanda mama mkwe, likatetemeka kama kawaida.

Shemeji yake Kwanini, ndugu mdogo wa marehemu, alikuwa na hamu ya siku nyingi gari liuzwe. Aliposikia habari hiyo alishika mbavu kwa kucheka. “Basi dawa ni kuliuza. Gari linamwogopa mama!”

Mama mkwe hakucheka. Jioni aliweka kikombe chake mezani, akasema kliniki atakwenda kwa miguu yake, hata kama atafika kesho.

Neno hilo lilimchoma Kwanini. Asubuhi alipakia nyuma robota la mapazia, zito kama mtu mzima, akaelekea kwenye ule mpando. Gari likapanda kimya. Basi si uzito. Akarudi nyumbani, akapiga magoti kando ya kiti cha mama mkwe.

“Mama, nisaidie. Twende, uniangalie. Nataka kujua ninafanya nini ukiwemo, ambacho sikifanyi usipokuwemo.”

“Nitajuaje unachofanya nikiwa simo?”

Wote wawili wakacheka, na ilikuwa siku nyingi hawajacheka pamoja. Bibi akavaa viatu.

Njiani alimtazama mkwewe kwa makini, shingo ameinyoosha. “Mbona unaendesha kama umebeba mayai?”

“Si miguu yako, mama? Sitaki urushwe.”

“Na ukiwa peke yako?”

“Nakimbilia wateja.”

Kwanini akapunguza mwendo. Kwenye kituo cha mafuta kilichokuwa chini ya mpando aliegesha, akamketisha mama mkwe kwenye benchi kivulini, akaondoka peke yake. Safari hii alikanyaga mafuta kidogo tu, mwendo ule ule, haongezi wala hapunguzi, kana kwamba bibi yumo. Alipofika katikati ya mpando, gari likatetemeka.

Alirudi akipiga honi kama aliyeshinda. “Si wewe, mama! Ni mguu wangu!”

“Nilijua,” alisema bibi, lakini alifuta macho kwa ncha ya kanga.

Kwa fundi walikwenda wote wawili, na mama mkwe alikataa katakata kuachwa gereji. Kwanini akashika usukani, fundi akakaa pembeni. Mtetemo ulipoanza, fundi aliweka kiganja juu ya dashibodi.

“Mafuta yashikilie hapo hapo. Sasa gusa breki kwa mguu wa kushoto. Iguse tu, kama unamgusa mtoto aliyelala.”

Akagusa. Gari likatulia. Akaachia, na baada ya kitambo likaanza tena.

“Kwa nini?” aliuliza mama mkwe, akijisogeza mbele.

“Bibi, kati ya injini na giaboksi kuna kitu tunakiita konveta. Mwanzo oili iliyomo ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia. Mwendo ukishatulia, klachi iliyo ndani yake inafunga, injini na gia zinashikana. Ukigusa breki, inaachia. Sasa hii inashika, inateleza, inashika, inateleza. Ingekuwa injini inakosa moto, breki isingeituliza.”

“Na mimi nikikimbiza?” aliuliza Kwanini.

“Ukikanyaga sana, inaachia yenyewe. Ndiyo maana sikuona kitu. Mimi mguu wangu mzito kama mwenyewe.”

Gereji alichomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili iliyotakiwa kuwa nyekundu ilikuwa nyeusi, ikinuka kuungua. Fundi hakuahidi makubwa: oili mpya ya aina inayotakiwa huenda ikaponya, lakini kama klachi imeshaliwa, giaboksi itashushwa. Wakamwaga, wakajaza. Mtetemo ulipungua, haukuisha, kwa kuwa oili nyingine ya zamani ilikuwa bado imejificha ndani ya konveta. Wiki kadhaa baadaye wakabadilisha tena. Tangu hapo gari linapanda vizuri, ila siku za joto kali hujikuna kidogo karibu na kilele, na mama mkwe, ambaye sasa hukaa kiti cha mbele, hunyoosha kidole na kusema, “Hapo! Umesikia?”

Shemeji alikuja tena na habari zake za kuuza. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai.

“Uza la kwako,” alimwambia.

Shemeji hakuwa na gari.