Kozi ya Sista Musimbi

Musimbi alipopelekwa Nairobi kusomea uuguzi wa figo, wauguzi wenzake katika hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret walimwonea wivu. Mishahara yao haikuwa imepanda kwa miaka, kwa hiyo kozi ya kulipiwa na mwajiri ilikuwa zawadi kubwa. Alitia sahihi kwamba angefanya kazi pale miaka mitano baadaye, la sivyo arudishe gharama yote. Wakati huo miaka mitano haikumtisha.

Aliporudi, mashine za kusafisha damu zikawa zake. Likizo akaanza kunyimwa. Rafiki yake Njambi, aliyekuwa amehamia hospitali ya Nakuru, akampigia simu. "Huku kuna nafasi ya figo, na wanalipa vizuri. Nimewatajia jina lako."

Musimbi akaenda kwa meneja, Bwana Kinuthia, kuomba nyongeza kwanza.

"Sista, si tulikusomesha?" Kinuthia alisema kwa upole. "Hayo si malipo?"

"Nashukuru, bosi. Lakini watoto wako sekondari. Nikishalipa karo na nyumba, sibaki na kitu."

"Ukitaka kwenda, rudisha pesa ya kozi. Sitakuzuia."

Mumewe, Wasike, alisema wauze shamba la Cheptiret wapate pesa ya kurudisha. Musimbi akakataa, kwa sababu mama mkwe alikuwa akiishi hapo. Akamwambia Njambi nafasi ile apewe mwingine.

Kesho yake alikuwa akimdunga Mzee Wabuge, mgonjwa wake wa figo, sindano ya mashine.

"Nilisikia unatuacha," mzee alisema.

"Nani amekuambia, Mzee?"

"Sisi wagonjwa tunaongea. Nilimwambia mke wangu, huyu akienda, mimi basi. Sasa umebaki. Mungu ni mwema."

Musimbi akaubandika mrija taratibu. Alimpenda mzee huyu, lakini furaha yake ilimwelemea. Hata mzee alikuwa amemfunga hapo, bila kujua.

Kinuthia akaingia na muuguzi kijana, Lorraine.

"Huyu tutampeleka kozi mwakani," akasema. "Hebu mwambie vile imekusaidia."

Lorraine alikuwa anatabasamu. Musimbi akavua glavu.

"Kozi ni nzuri," alisema. "Lakini kabla hujatia sahihi, uliza utafungwa miaka mingapi."

Kinuthia akacheka kidogo, peke yake.

"Wewe umebakisha mingapi, Sista?" Lorraine akauliza.

"Mingi," Musimbi akajibu, akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha pili.