Shuka ya Mwanafunzi

Kila asubuhi Rahila akianika nepi za mwanawe darini, humwona mtawa mzee wa Kihindu, mgeni wa jirani yake Bibi Jamna, akifua shuka yake ya rangi ya zafarani. Vidole vyake vimepinda kama tangawizi, lakini hakubali kusaidiwa. Husugua, husuuza, na dua haimkatiki kinywani. Mwanafunzi wake hufua kando, akiifuatisha dua hiyo. Akikosea, mzee hugonga ndoo, wakaanza upya.

Siku moja kijana aliketi tu, shuka yake chini.

"Anasema utawa umemshinda, anataka kurudi kwa mamake," Bibi Jamna, mzaliwa wa Unguja, alimfasiria Rahila.

"Na mzee kasemaje, bibi?"

"Mtazame, mwanangu! Kama hajasikia."

Mzee aliiokota shuka ya kijana, akaifua, akaanza kuikamua peke yake. Kisha akanena neno.

"Ati anayeondoka aondoke na nguo safi," Bibi Jamna akafasiri.

Rahila alimwinua mwanawe mkekani, akamkumbatia. Mzee akazidi kukamua, maji yakimchuruzika viwikoni, hata kijana akainuka, akashika ncha ya pili.

Mzee akagonga ndoo.