Kutembea Kinyumenyume

Nina mdomo, sijawahi kulikana hilo. Kibaraza changu cha ushonaji hapa Mapinga kinatazama njia ya vumbi inayotoka barabara ya Bagamoyo, na nikiwa kwenye cherehani hakuna anayepita nisimtupie neno. Wateja wengine huja na nguo ambayo haijachanika, ilimradi wakae wacheke. Nilikuwa najivunia hilo.

Mtaa wetu ni wa wageni watupu. Viwanja vilikatwa juzijuzi kwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, kila aliyejenga alianza na ukuta, na mtu anaweza kumaliza mwaka asijue jirani yake anaumwa nini. Nyumba ya tatu kutoka kwangu alihamia kijana wa Kichina mwenye karakana ya madirisha ya alumini. Baadaye akamleta mama yake kutoka kwao, bibi mwembamba mwenye nywele fupi nyeupe na raba nyeusi. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Mwanawe alikuwa amemfundisha kujibu, lakini marahaba ikamshinda njiani, akanijibu, "Mahaba." Nilicheka mpaka nikakosa pumzi. Naye akacheka, na tangu hapo tukawa tunaamkiana hivyo.

Habari za magoti yake nilizipata kwa kijana mwenyewe, siku alipoleta suruali za mama yake nizitie mpira kiunoni. Bibi alikuwa na kisukari na magoti mabovu. Dawa alikuwa anameza, ila daktari alisisitiza atembee kila siku, na kwao wazee wenye magoti kama yake hutembea kinyumenyume kwa sababu maumivu hupungua. "Asipotembea, mama, sukari inapanda," aliniambia. "Hapa hana rafiki, hana lugha. Ana njia hii tu." Nilisikia kwa masikio yangu mawili, kwa hiyo sina pa kujificha.

Basi kila asubuhi, jua likiwa bado halijapata nguvu, bibi alitoka getini, akaipa njia mgongo, akaenda nyumanyuma taratibu hadi kwenye nguzo ya umeme, akipiga makofi madogo madogo. Watu wakaanza kusimama kumtazama. Pwani hii kila mtu amesikia tangu utotoni ni kina nani wanaotembea kinyumenyume, na si watu wema.

Asubuhi moja wanawake watatu walikuwa kibarazani kwangu. Mmoja, mama kijana wa nyumba ya ng'ambo, alikuja na mwanawe mdogo. Akaniuliza, "Fundi, wewe ndiye unayesalimiana naye. Hivi yule bibi anafanya nini?"

Ningeweza kusema magoti. Neno moja tu, na yote yangeishia pale. Lakini magoti hayachekeshi. Nikasema, "Anarudisha umri. Kila hatua ya kinyume ni siku moja anajirudishia. Sasa hizo siku anazitoa kwa nani, hilo msiniulize mimi."

Walicheka sana. Yule mama kijana alicheka kidogo, kisha akamvuta mwanawe karibu na goti lake. Nilimwona, nikaendelea kukanyaga cherehani.

Hazikupita wiki mbili, mtoto yule akashikwa na degedege. Zahanati walisema ni malaria, wakampa dawa, akapona. Lakini kabla hajapona, neno langu lilikuwa limeshazunguka mtaa mzima na kunirudia bila kicheko. "Fundi, umesikia? Anachukua siku za watoto." Muuza mkaa ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya chini, wala hakujua kwamba neno lile limezaliwa kwangu. Nikasema, "Mh." Niliogopa kusema zaidi. Nilijiambia watasahau.

Hawakusahau. Watu wakaacha kumwamkia, na mageti yakawa yanafungwa akikaribia. Asubuhi moja palikuwa na ndimu saba mbele ya geti lake, zimepangwa duara juu ya majivu. Mtu yeyote wa hapa angeziruka na kukimbia. Bibi aliinama kwa shida, akaziokota moja moja, akazipangusa kwa suruali, akatazama huku na huku amwone aliyemletea zawadi. Akaniona mimi. Akanipungia mkono kunishukuru.

Siku ya tatu likaja jiwe. Sikuona limetoka ukuta gani. Niliona tu bibi ameshika mguu chini ya goti, damu inamchuruzika hadi kwenye raba. Akageuka, akarudi kwake akitembea mbele, kama sisi sote tunavyotembea, na njiani hakutokea tena.

Mtaa ukatulia, na vicheko vikarudi kibarazani. Kila nilipozalisha vicheko hivyo nilijichukia, lakini nilivizalisha. Kila nikimwona kijana anapita nilimuuliza hali ya mama, na kila mara jibu lilikuwa baya kuliko la jana yake. Sukari imepanda. Mama hataki kutoka hata uani, kutwa yuko kitandani na pazia limefungwa. Kidonda hakifungi, sasa vidole vimeanza kuwa vyeusi. "Hataki kuniambia kwa nini hatoki," alisema. "Mama, wewe unajua?" Nikamjibu kwamba jiwe lile lazima lilirushwa na wahuni wa barabarani.

Hospitali walipompangia siku ya kukatwa mguu, nilifunga cherehani nikaenda kumwona nyumbani kwake. Chumba kilinuka dawa, na chini ya dawa kilinuka kidonda. Nilikuwa nimeshaamua kusema. Nikamwambia kijana, "Mwambie ni mimi."

"Ni wewe nini, mama?"

"Ni mimi, fundi. Nimekuja kumjulia hali."

Akatafsiri. Bibi akanigeuzia uso, akanitambua, akasema maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, akatabasamu.

"Anasema kukujua anakujua. Akilala hapa anasikia watu wanavyocheka kwako, ndiyo redio yake. Anauliza, huwa unawaambia nini hata wakacheka vile?"

Nilitazama mguu wake chini ya shuka.

"Mambo ya nguo tu," nikasema.

Akatafsiri. Bibi akacheka.