Shingo ya Mama Mkwe

Siku ya kwanza nilipopelekwa kumwona mama mkwe, kule Rombo juu ya Mkuu, nilirudi Pasua, mjini nilikokaa, nimenuna. Nilimwambia mchumba wangu kwamba mama yake ana maringo. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba huku anatazama ukuta, kisha akageuka mwili mzima, polepole, kama mtu aliyebeba kabati mgongoni, ndipo akaniangalia usoni. Mchumba wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Si maringo," akasema. "Shingo ndiyo haigeuki."

Mimi nilizaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa, huko chini kwenye joto, kwa wazazi waliotoka mkoa mwingine kufuata kazi, na kwetu mzigo mzito hubebwa na trekta. Mlimani ng'ombe haendi malishoni. Anafungwa bandani nyuma ya nyumba, kwa kuwa kila penye nafasi pana mgomba au kahawa, na majani yake mwanamke anayafuata tambarare na kuyapandisha kichwani. Mama mkwe aliyapandisha tangu usichana wake, akapandisha na mikungu ya ndizi. Mgongo ulianza kulalamika, shingo ikafuata.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zimeachiwa huru, maduka ya dawa yameota kila njia panda, na mtu alijinunulia vidonge kama anavyojinunulia njugu. Yeye alimeza diklofenaki, ya kutuliza maumivu. Sitavisema vibaya vidonge vile, vilimsaidia: uvimbe ulipungua, akaweza kuinama bandani. Lakini vilitaka kukuta chakula tumboni, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mama yule hakuwa na desturi ya kula kabla watu wake hawajashiba. Alipika mtori wake wa ndizi na nyama, akagawa, akasubiri mpaka mgeni wa mwisho alambe vidole, na kumbe kidonge alishakimeza tangu alfajiri kwa maji matupu. Mwaka wa pili wa ndoa yetu, sikukuu ya Pasaka, nyumba imejaa watu, alitapika kitu cheusi kama unga wa kahawa. Tulimkimbiza hospitali mjini.

Nilikuwepo daktari alipomweleza, damu ya tumboni imeshazuiwa. Vidonge vile basi tena, alisema, kwa sababu kabla ya kufika shingoni vinapita tumboni na kuzunguka mwili mzima. Ipo sindano ya steroidi, inachomwa hapo hapo penye mshipa unaobanwa, na tumbo linasalimika. Ila haiponyi. Inatuliza tu, na haifai kurudiwa ovyo, maana ina madhara yake pia.

"Inatuliza kwa muda gani?" mama mkwe akauliza.

"Wengine wiki chache. Wengine miezi mitatu. Siwezi kukuahidi."

Alifikiri kidogo. "Asante, daktari. Bado."

Akarudi nyumbani na panado na dawa ya tumbo. Mimi nilichemka. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, ya mtoto wa kwanza, na kwa Wachagga mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu akilishwa na kuogeshwa, haruhusiwi kushika hata mwiko. Kazi hiyo ni ya mama mzazi au mama mkwe. Mama yangu alishafariki, kwa hiyo nilikuwa na huyu mmoja tu, naye panado haikumsaidia kitu. Alishindwa kuinua ndoo ya maji. Ataniogeshaje? Nilimwambia mume wangu nitabaki zangu Pasua, nitafute msichana wa kazi.

"Ukifanya hivyo utamwua kabla mgongo haujamwua," akajibu.

Kila tulipopanda kumwona nilimchokoza. "Mama, unaogopa sindano?"

"Mno, mwanangu."

"Basi twende nikushike mkono."

"Bado."

Nilikuwa nikisema moyoni kwamba msiba wa kujitakia hauna kilio. Usiku alilala ameketi, mgongo ukutani, na asubuhi akasema amelala vizuri.

Tumbo langu liliposhuka na siku zikakaribia, alituma ujumbe ghafla: apelekwe kwa daktari. Alichomwa. Mume wangu aliniambia kwamba siku mbili za kwanza maumivu yalizidi, mpaka akajuta kumpeleka, na ya tatu yakaanza kulegea. Nilipofikishwa kwake na mtoto mchanga nilimkuta mlangoni, anageuza shingo kulia, anageuza kushoto, anajionyesha kama msichana aliyesuka nywele mpya.

"Umeona, mama?" akaniambia.

Sijawahi kutunzwa vile, na sitatunzwa tena. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele. Alinilisha mtori, akaninywesha mlaso, ile damu ya mbuzi iliyopikwa na mafuta, nami niliyekuwa nikiiona ni kinyaa nikawa naomba niongezewe. Alibeba maji, alikata majani, alifua nepi, na jioni alicheza na mjukuu wake kama vile mchana hakufanya kitu. Nilinenepa. Nilimpenda mama yule kwa namna ambayo sikuitegemea, nikimwangalia tu anavyoinama na kuinuka.

Siku moja nilimwuliza ipi bora, kidonge au sindano. Alicheka.

"Kidonge ni kibarua. Anakuja kila siku, na usipomlisha anakuvunjia vyombo. Sindano ni mtoto wa Dar anayekuja Desemba. Nyumba inachangamka, mbuzi anachinjwa, wote mnafurahi. Januari anaondoka."

Miezi mitatu ilikwisha. Nilivishwa vizuri, nikatolewa nje na mtoto, kanisani kwanza, halafu sokoni Mkuu ili watu watuone. Tuliporudi alikaa kwenye kigoda, akaniomba nimpe mtoto pale alipo, maana kuinama hawezi. Alisema maneno hayo akitabasamu, mkono uko shingoni. Nilielewa kwamba dawa imekwisha.

"Sasa mama," nikamwambia, na hasira zangu za zamani zikapanda, "mbona ulijitesa ile miezi yote? Pasaka ile ungechomwa ukapumzika."

Alinitazama kama anayemshangaa mwalimu asiyejua hesabu.

"Pasaka ulikuwa na mimba ya miezi minne. Daktari kasema dawa ni miezi mitatu. Ningeimalizia kwenye majani ya ng'ombe, halafu wewe uje hapa na mtoto, mama huna, unikute nimelala?"

Nililia palepale, na nguo zangu za sherehe. Akaniambia ninyamaze, maziwa yatakauka.