Mamajusi Waliokwama Katikati ya Kanisa

Pango la Noeli si pambo tu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu wa dini pale misheni, nje kidogo ya Tabora, enzi za Mwingereza. Desturi hiyo ilienezwa na mtakatifu mmoja maskini wa Italia, aliyetaka hata wasiojua kusoma wauone umaskini wa Bethlehemu kwa macho yao. Ndiyo maana tunaweka hori, na ng'ombe na punda wa udongo. Mamajusi je? Injili inasema walitoka mbali, kwa hiyo tunawaanzishia safari mlangoni mwa kanisa na kuwasogeza kidogo kila siku, wafike pangoni siku ya Epifania, sikukuu ya kufika kwao.

Kazi ya kuwasogeza nilimpa mjomba wangu, mzee aliyekuwa mpagazi wa misafara ya pwani ujana wake wote. Alikuwa abatizwe siku hiyohiyo ya Epifania, na kanzu nyeupe alishaishonesha.

"Mwalimu," akaniuliza, "hawa wafalme, mizigo yao kabeba nani?"

"Walikuwa na ngamia, mjomba."

"Ngamia anajifunga mzigo mwenyewe?"

Kesho yake nyuma ya wafalme palikuwa na mstari wa wapagazi wa udongo, kila mmoja na furushi kichwani. Nikasema hiyo nayo ni imani, nikafunga safari ya vigangoni, makanisa madogo ya upande wa Urambo.

Nilirudi asubuhi ya sikukuu, kanisa limejaa. Padre akiingia, nusura aukanyage msafara. Ulikuwa umepiga kambi katikati ya kanisa, mizigo chini.

"Mzee, leo ndiyo Epifania. Mbona hawajafika?"

"Wapagazi hawajapewa posho, Padre. Msafara hauendi bila chakula, hata uwe wa mfalme."

"Wasipofika, sikubatizi."

Mjomba akaketi sakafuni na kanzu yake mpya. "Basi nitangoja nao. Sijawahi kuuacha msafara njiani."

Namjua mjomba: angeketi pale hadi Pasaka.

Ndipo mke wa fundi reli, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, akainuka upande wa wanawake na kikapu chake cha unga wa sadaka. "Mnyamwezi ni Mnyamwezi, hata akiwa wa udongo!" Akamwaga unga kidogo mbele ya wapagazi. "Haya watani, kuleni mwende. Na kitoweo msiniombe!"

Kanisa zima likacheka, Padre naye. Wanawake wengine wakafuata na unga wao. Mjomba akainuka, akausogeza msafara mpaka horini, akatua mzigo mmoja mmoja, kisha akainamisha kichwa apate maji ya ubatizo.

Unga ule tuliwagawia wajane, na tangu hapo kila Epifania kwetu watu huja na unga. Wanafunzi huniuliza kama desturi hii nayo ilitoka Italia. Huwaonyesha mabenchi ya upande wa wanawake.