Mpaka Mtoto Azidiwe

Somoe binti Marijani alikuwa mwanamke wa maneno, Temeke nzima ikimjua. Ukimchokoza kisimani unaondoka na debe tupu na masikio yamejaa. Lakini mwaka ule wa 1951, mbele ya dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, alinyamaza kimya.

Alikuwa amempeleka Jamali, mwanawe wa pekee, kifua kikimlia tangu alfajiri. Foleni ikala asubuhi yote, na zamu yao ilipofika mtoto alikuwa ametulia, anachezea ushanga wa mamaye. Dresa akafoka, "Huyu ana nini? Wee mama, hapa wanaletwa wagonjwa! Mrudishe akizidiwa." Watu wakacheka. Somoe akatoka na aibu yake, akaapa hatachekwa tena.

Na huko Kurasini alikofanya kazi ya uyaya, mtoto wa Kizungu alikuwa na pumu kama ya Jamali. Akikohoa tu, memsahibu huyoo, gari limeshawaka, wanakimbilia hospitali yao. Hakuna aliyewauliza kama mtoto kazidiwa au la. Somoe aliyaona hayo kwa macho yake, akajisemea, "Aa, hao Wazungu bwana." Akaishia hapo.

Ijumaa moja kifua cha Jamali kikabana tena. Asubuhi mtoto mwenyewe alisema, "Mama, twende."

"Subiri kidogo, baba. Bado hujazidiwa."

Akamsugua mafuta ya karafuu, akafunga dirisha, akamfukiza ubani kama alivyofukizwa yeye utotoni. Chumba kikajaa moshi. Fakihi, mumewe, akachungulia. "Mama Jamali, si tumpeleke?"

"Tumpeleke tukachekwe? Ngoja azidiwe, watamwona wenyewe."

Jamani, aibu ni kitu kibaya! Mwanamke aliyempenda mtoto wake kuliko roho yake, akakaa kitandani anamtazama, anangoja hali iwe mbaya.

Adhuhuri mbavu za Jamali zikawa zinadidimia kila akivuta pumzi, na midomo imebadilika rangi. Hapo Somoe akanyakua kanga, Fakihi akaazima baiskeli ya jirani, wakapakiana wote watatu kwenda hospitali ya mjini. Barabara ilikuwa mchanga mtupu. Fakihi alikanyaga pedali huku analia waziwazi, hajali nani anamwona.

Jamali, kichwa begani kwa mamaye, akanong'ona kwa taabu, "Mama, sasa nimezidiwa?"

"Umezidiwa, mwanangu. Sasa watakupokea."

Wakampokea kweli. Nesi alimtwaa mikononi mwake akakimbia naye ndani, hakuna foleni wala swali. Wazazi wakakaa kwenye benchi la nje. Nesi alirudi baada ya muda, mikono mitupu, akasimama mbele yao.

"Pole, mama. Mngemleta asubuhi."

Somoe akamwinulia uso. "Asubuhi alikuwa bado anaongea, nesi. Mngempokea?"