Vidonge Vinne kwa Miguu Minne

Hili jambo nikilisimulia natazama chini, kwa sababu mimi ndiye niliyemuua mbwa wa baba mkwe wangu, tena mbele ya kijiji kizima.

Wakati ule wa ujamaa nilipelekwa Bukoba kusomea huduma ya kwanza, wiki mbili tu, nikarudi kijijini kwetu Muleba na sanduku la dawa na majivuno yasiyoingia sandukuni. Baba mkwe, Mzee Kaijage, ambaye siku zote aliniona mlegevu, akaanza kuniita daktari. Kichwa kikavimba.

Basi mbwa wake Waache (ndilo jina lake, la kuwajibu majirani wasengenyaji), aliyekuwa akifukuza nguruwe pori kwenye maharage ya shamba letu la kijiji, akateguka mguu. Mzee akaniuliza kwa heshima ya Kihaya, "Waitu daktari, huyu naye si anaumwa?" Ningesema tumngoje bwana mifugo, yangeishia hapo. Lakini nikapiga hesabu: mtu mzima ana miguu miwili na hupewa aspirini mbili, huyu ana minne, basi nne, asubuhi na jioni, ndani ya tonge la ndizi. (Msicheke, nililisema kitaalamu kabisa.)

Siku ya pili akatembea vizuri, nami nikatangaza hadi kanisani, nikaongeza siku nyingine tatu ili apone sawasawa, na kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akaniita mbele na mgonjwa wangu, watu wakapiga makofi, na makofi hayajaisha Waache akayumba, akatapika damu juu ya viatu vyangu, akalala akitetemeka. Bwana mifugo alikuwepo. Akauliza mbwa amekula nini, nikamwambia, akainama kumpapasa tumbo.

"Umemtoboa tumbo, ndugu. Dawa ya mtu kwa mbwa ni sumu."

Alikufa kabla mkutano haujafungwa. Mzee alimbeba mwenyewe, akakataa nimsaidie. Aibu niliiona, lakini uchungu uliizidi, maana mbwa yule alikuwa akila vile vidonge mkononi mwangu huku akitikisa mkia.

Nguruwe walimaliza maharage yote. Nimeapa simpi mnyama kidonge cha mtu, hata alie vipi. Lakini mwezi uliofuata mwanetu alipopata homa, mke wangu alimfunga mgongoni akashika njia kwa miguu kwenda zahanati ya mbali, akanipita nimekaa mlangoni, hakuniuliza kitu, nami sikuthubutu kumwita arudi.